Alama Ndogo za Justina

Bulyanhulu,
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mpunga umenusurika na mvua hizi? Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na ndiyo sababu naandika. Kwenye simu ningekata kabla sijafika nusu.

Mwezi uliopita kampuni yetu ya kupima sampuli za mawe ilitafuta kiongozi wa zamu maabara. Tulioomba tulifanyishwa mtihani wa kemia, vyeti vikawekwa pembeni. Mimi na daraja langu la kwanza nikapata thelathini na nne. Aliyeongoza kapata themanini na moja, naye ni Justina, binti yako, anayefundisha tuisheni kule Nyahanga. Aliomba kimyakimya. Kuanzia Jumatatu mdogo wangu ndiye bosi wangu.

Najua utashangaa, maana mimi ndiye niliyekusomea matokeo yake ya chuo, kwa kuwa yaliandikwa Kiingereza. Niliposoma wastani wa mbili nukta nane kati ya tano, uliniuliza kama ni vizuri. Nikakujibu kwamba mimi nilipata nne nukta tano, na kwamba huenda mwenzangu alikuwa anakula bata mjini. Ukasema huendi kwenye mahafali ya mtoto mzembe, na kweli hukwenda. Alivaa joho peke yake, akapiga picha na wazazi wa rafiki yake.

Baba, vyuo havisahihishi sawa. Darasani kwao walianza tisini, thelathini hawakumaliza, na daraja la kwanza walipata wawili tu. Kwetu maswali tulipewa wiki moja kabla ya mtihani. Aliyekosa A tulimuuliza kama anaumwa. Yule ng'ombe uliyenichinjia, ukaita jumuiya nzima, nilimla huku nikiyajua hayo yote.

Na bado lenyewe sijalisema. Ugumu wa chuo cha Justina niliujua kwa sababu nilianzia hukohuko. Mwaka ule nilipokwambia nimehama kwa ajili ya malaria, sikuhama. Nilidisko, Baba, nilifukuzwa kwa kufeli masomo manne kati ya sita. Justina alilikuta jina langu kwenye orodha ya idara ya waliofukuzwa alipokuwa mwaka wa kwanza, akanyamaza. Hata siku ulipomwita mzembe mbele yangu, alinitazama tu, akainuka kwenda kuteka maji. Naona haya kukuandikia, na kumtazama yeye naona haya zaidi.

Jumamosi atakuja kukuomba baraka kabla ya kuanza kazi. Hajui kama nimekuandikia, na anaogopa utamkatalia. Mpe, Baba. Mimi uliponipa, niliipokea kwa uongo.

Wasalimie shangazi Agatha na majirani wote wa Ushirombo. Ukiniita nije nijieleze mbele yao, nitakuja.

Ni mimi mwanao, niliyekudanganya,
Festo Tarsisi