Mlango wa Masizi

Kaka yangu Marwa,

Shikamoo huko uliko, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Huku hatujambo, ila kichwa cha mdogo wako kimevurugika, na aliyekivuruga ni wewe na ule ukuta wako.

Unakumbuka siku katibu wa kijiji alipokuita? Aliujua mkono wako tangu shuleni, ulipochora ng'ombe ubaoni na mwalimu akaona huruma kumfuta. Akakuonyesha ghala letu jipya la ujamaa, akasema, "Ndugu, tuchoree Mwananchi hapa. Kila anayepita barabarani amwone." Sote tulijua utakachochora: mtu wa kifua kipana, jembe begani, jua linachomoza nyuma yake. Mimi nilishajigamba kisimani kwamba atakuwa na pua ya ukoo wetu.

Wewe ukachora mlango. Mlango mfupi, wa kuinama, kama ule wa nyumba yetu kule Busawe tuliyoihama tulipoletwa kijijini. Mweusi tii, hauna komeo, hauna mtu. Katibu alimtafuta Mwananchi ukuta mzima, hata nyuma ya ghala alikwenda kuchungulia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaona wewe hucheki.

"Mura, kijana wangu, mtu mwenyewe yuko wapi?" akakuuliza.

"Ndiye huyo."

"Na macho yake?"

"Anaangalia ndani."

Jibu gani hilo, kaka? Nilikusihi umwekee hata jembe tu, yaishe. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wewe na katibu mkagombana, ukafunga mzigo wako, ukavuka kwenda kwa mjomba kuchora mabango ya maduka.

Mimi nimebaki na swali. Mwananchi si ni mimi? Nimekuwa mlango lini? Nyumba zetu sasa zimepangwa mstari, zinaangalia barabara, na kusema kweli napenda kuwa karibu na zahanati. Watoto wanasoma. Halafu nikipita pale ghalani najikuta nimesimama, wala sijui ninachongoja. Nakukasirikia na kujivunia wewe kwa wakati mmoja, kama mtu anayelia huku anatafuna.

Siri ya rangi yako Mama aliigundua kwa pua. Asubuhi moja alisogea mpaka ukutani, akanusa, akanusa tena. Ndipo nikakumbuka siku tuliyobomoa ile nyumba. Wanaume wanashusha nyasi, wewe unakwangua masizi kwenye miti ya paa, pale juu ya jiko lake, unayatia kwenye kibuyu. Nilikuita mwendawazimu. Kumbe ulikuwa unahama na moshi wetu.

Mama akainama mbele ya ukuta, akasema, "Hodi."

Wapita njia walicheka. Nikamvuta mkono, nikamuuliza, "Mama, mtu hupiga hodi nyumbani kwake?"

"Siku hizi sijui kama ni kwangu," akasema.

Tangu hapo hupiga hodi kila akipita, na hakuna anayemjibu. Mimi hutazama pembeni.

Sasa kuna mgeni anakuja kutoka wilayani. Katibu amesema ukuta upakwe chokaa kabla hajafika, na kwa kuwa mchoraji ametoroka, ndugu yake ndiye aufute, yaani mimi. Leo mchana nimekwenda na ndoo na brashi. Nimeinama nianzie chini, mpini wa brashi ukagonga ukuta, ko, ko. Mle ndani ya ghala wanawake walikuwa wanapukuchua mahindi ya kijiji. Nikasikia sauti ya Mama.

"Karibu, mwanangu. Inama, usijigonge."

Alijuaje kuwa ni mimi? Au alidhani ni wewe? Nilitaka kumuuliza, sikumuuliza. Nimekaa chini nikalia mbele ya ukuta, mtu mzima mimi, na wapita njia safari hii hawakucheka.

Nakuandikia hapa hapa, mgongo umeegemea mlango wako. Nguo yangu imeshika masizi, na chokaa inaganda kwenye ndoo. Jioni katibu atakuja kukagua. Ataniuliza kwa nini Mwananchi bado yupo.

Msalimie mjomba na wote wa kwake. Na siku ukirudi, kaka, piga hodi. Tupo.

Mdogo wako,
Rhobi