Kata Mbili za Mbege

St Marys, Sydney
9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima, ingawa tangu tumzike baba chakula hakipiti vizuri. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako kila mmoja hapo nyumbani anaishika, na jambo hili si la kila mmoja.

Ulisema baba alikunywa kata moja tu ya pombe ya mbege kwa baba mdogo Benjamin, siku aliyokwenda kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba la kihamba, na kwamba Benjamin hakuonja kwanza kama desturi inavyomtaka mwenye kukaribisha. Kabla ya jioni baba alikuwa amekufa. Polisi wakasema ni moyo. Mama, mimi kazi yangu hapa ni kupima sumu kwenye vyakula, siwezi kushindwa na kata moja. Kata ile ya kibuyu uliyoichukua kwa Benjamin ukaificha, usiioshe. Mpe Tumsifu wa jirani, anakuja kusoma huku. Mpe na nyingine ya darini kwa bibi, ambayo haijanywewa miaka mingi, ili nilinganishe.

Nataka Benjamin aumbuke mchana kweupe. Nataka alie kama nilivyolia mimi.

Mwanao,
Elieshi

Machame
14 Aprili 2024

Mwanangu Elieshi,

Marahaba. Ng'ombe kazaa dume. Mgongo ni ule ule.

Tumsifu ameondoka leo na kata zote mbili. Nimezifunga kila moja kwenye mfuko wake na kuandika juu: ya baba yako, ya bibi. Hiyo ya bibi sikuelewa ni ya nini, lakini wewe ndiye uliyesoma. Jana Benjamin alinikuta njiani akaniuliza nimeamkaje. Nilimjibu vizuri tu. Fanya haraka, kabla mdomo haujanishinda.

Mimi mama yako

St Marys
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Tumsifu alifika salama. Pale uwanja wa ndege walizipekua kata nusu saa nzima, kisha wakaziachia.

Ipo. Ni dawa ya kunyunyizia mikahawa, ya kutosha kuangusha fahali. Nimepima mara tatu na mashine imesema neno lile lile mara tatu. Hii kazi naipendea hilo, haijali nani ni ndugu ya nani. Ya bibi bado sijaipima. Honorine, Mkongo tunayefanya naye kazi, amenikataza kutuma chochote kwa sasa. "Yaya, ngojea ya pili kwanza," kaniambia, maana ndivyo kwao wanavyomwita mkubwa wao, na kwamba ningefanya hivi kwa mzigo wa mteja ningefukuzwa. Anasema kweli. Lakini mteja hajafiwa na baba.

Karatasi ya majibu iko ndani ya bahasha. Usomee ukoo.

Mwanao,
Elieshi

Machame
7 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, na leo nimekula nikashiba.

Niliisoma karatasi mbele ya ukoo wote. Benjamin aliapa kwa jina la marehemu mama yao, lakini hakuna aliyemsikiliza, maana karatasi imetoka Australia. Vijana waliingia kwenye kihamba chake wakakata mikahawa yote hadi shinani. Mkewe amerudi kwao. Benjamin mwenyewe nasikia amehifadhiwa na mchungaji, na wala siulizi anakula nini. Nilisimama pale nikaangalia hadi mti wa mwisho. Nilifurahi, mwanangu, sikufichi.

Mama yako

St Marys
29 Julai 2024

Mama,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye treni nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Kesho yake nikaipima kata ya bibi, ili tu nifunge jalada.

Ina dawa ile ile, kiasi kile kile. Hakuna hata dalili ya mbege ndani yake, lakini dawa ipo. Nilijitahidi kukutetea, Mama. Nikasema labda zilikaa karibu na bomba la kunyunyizia, labda zilichafuana safarini. Lakini kila moja ilikuwa na mfuko wake, na dawa imepakwa ndani tu, nje hakuna.

Nani aliipaka?

Elieshi

Machame
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umepona kabisa.

Niliipaka mimi. Baba yako alikufa mikononi mwangu akitokwa na povu, sikuhitaji mashine ya kuniambia. Niliogopa kwamba kwa siku zote zile sumu itakuwa imekauka, mashine isione kitu, Benjamin atucheke. Ulipoomba kata ya pili nilidhani unataka mashahidi wawili, nikakupa wawili. Mashine yako haikudanganya. Ilisema dawa ipo, na dawa ipo kweli. Nani kaitia, haikuulizwa.

Karatasi ya pili ichome. Na wewe uliyesoma, hebu niambie: alimuua au hakumuua?

Mama yako

St Marys
15 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Sijui. Kata ile ndiyo ilikuwa kitu pekee ambacho kingeweza kusema, ukaiziba mdomo, nami nikatangaza kabla sijamaliza kazi. Huenda alimuua. Huenda ulikuwa moyo. Hakuna mashine itakayotuambia sasa, hapa wala kwingine, na hilo litanichoma hadi nife. Nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe ndiye ninayejichukia zaidi.

Nakala za karatasi zote mbili, pamoja na barua yako ya Agosti, nimemtumia baba mdogo Benjamin kupitia sanduku la posta la usharika wa mchungaji aliyemhifadhi. Sisi tumeshalipiza, sasa ni zamu yake. Atakuja hapo nyumbani. Mkaribishe ndani, umpe kiti cha baba.

Na ukimpa mbege, Mama, onja kwanza.

Mwanao,
Elieshi