Shairi Alilomwandikia Mama

S.L.P. 118,
Robstown, Texas.
14 Oktoba 1981.

Mpendwa Dada Hortensia,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Baridi ya Chicago imeshaanza kukubana kifua? Sisi tunapumua, ila magoti ya Mama yanamsumbua na nyumba imekuwa kimya kuliko ninavyopenda.

Habari kubwa ni ya kaka yetu Anselmo. Mchapishaji wa San Antonio amekubali kitabu chake cha tatu. Yule aliyekuwa akitunga huku akichuma pamba, sasa anafundisha chuoni na picha yake imo magazetini. Safari hii si hadithi. Ni yale mashairi ya utani ya Sikukuu ya Wafu, anayowaandikia walio hai kana kwamba wameshakufa. Unakumbuka watu walivyonuna wakiachwa bila kuandikiwa.

Siku hizi hawanuni. Mwaka juzi alimwandikia Don Quirino, muuza mikate, kwamba Bibi Kifo alimkuta mferejini akitafuta kofia. Tulicheka hadi machozi. Februari iliyofuata tulimtoa mferejini maiti, kofia mkononi. Mwaka jana ikawa zamu ya Mwalimu Eufemia, naye akaenda vilevile alivyoandikwa, katikati ya dansi. Sasa watu wakimwona Anselmo wanavuka barabara, na yeye mwenyewe anaiogopa kalamu yake.

Mama ndiye hakuogopa. "We Anselmo, majirani wote umewazika kwa utani, mimi mamako unaniruka? Au nimekuwa mtu baki?" Alimsumbua wiki nzima mpaka akaandika, na akaandika kijanja. Katika shairi, Bibi Kifo anabisha hodi, na Mama anamwambia, "Keti kwanza, shoga, unywe kahawa. Siondoki hapa mpaka Hortensia wangu aje." Basi Bibi Kifo ameketi jikoni, anakunywa kahawa, na miaka inapita.

Anselmo alilisoma mezani, akafunga daftari, akasema hilo ndilo la mwisho maishani mwake. Mama alicheka sana. Kesho yake alihamishia kiti chake dirishani, na tangu hapo kila asubuhi anatenga vikombe viwili.

Dada, najua umeshakata tiketi ya basi ya kuja sikukuu. Nina hamu nawe ya miaka tisa, lakini nakuomba usije. Nicheke ukitaka. Mimi naogopa.

Anselmo anakusalimu, na Shangazi Delfina pia. Nibusie watoto. Bikira awafunike kwa joho lake nyote.

Nilitaka kuishia hapo, ila Mama amenikuta nikiandika, akataka nimsomee yote. Hakukasirika. Amesema niongeze maneno yake: "Mwambie mwanangu nimechoka kungoja. Aje."

Mdogo wako akupendaye,
Nieves