Karatasi ya Kusahihisha

Kalemie, tarehe 14 Mei 1979

Mudogo wangu Kalenga,

Wananchi wa Zaire, hii hapa habari ya jioni: kuku wa mama yetu ametaga mayai matatu juu ya abakosti yangu, koti ile niliyovaa nikisoma habari kwenye televisheni kule Kinshasa. Hali ni shwari. Kuku amekataa kutoa maelezo.

Mimi ni muzima, tumbo limeongezeka. Nauza ndakala, samaki wadogo wakavu, sokoni. Wateja wanasema, "Papa, tutangazie bei na sauti ile ya habari!" Natangaza, wanacheka, wananunua.

Jumapili mama yetu alinivuta mpaka kwa mapadri, tukuangalie kwenye televisheni yao, umekaa kwenye kiti changu.

"Ona anavyoinua macho kutoka kwenye karatasi," akasema. "Nani alimufundisha?"

"Akili yake, Mama."

Kalenga, siku ile ya mwisho wangu studio, waziri mmoja aliondolewa kazini mchana. Jioni mimi nikasoma kwamba bado ni waziri, nchi nzima ikisikia. Wakubwa wakauliza karatasi ya kusahihisha habari, ile waliyonitumia studio, iko wapi. Nikasema nimeipoteza. Wakanifukuza.

Haikupotea. Wewe mwenyewe njo uliipokea mulangoni, ukaikunja, ukaitia mufukoni. Nilikuona kupitia kioo cha studio, nikafikiri ni barua yako. Mimi njo niliyekutafutia ile kazi, sikuweza kufikiri lingine mpaka wakubwa walipouliza. Kesho yake ulikaa kwenye kiti.

Nilinyamaza kwa ajili ya mama yetu. Anaamini mpaka leo kwamba nilikuwa nimelewa. Nimemuacha aamini.

Kaka yako,
Kisimba