Mkono wa Woga kwenye Klachi

Marahaba, mjukuu wangu Deo, mume wangu.

Hapa Kibaoni tu wazima, mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa kazi.

Niliogopa sana. Nilikuwa karani mpya wa kiwanda cha mbao. Siku moja fundi wa msumeno aliugua, na lori lilisubiri mbao za paa la kanisa la Idete kabla mvua haijafunga barabara. Klachi ndiyo iliyokaza mkanda ili kigari kilichobeba gogo kiende na kurudi kwenye msumeno. Wanaume waliusukuma mpini wake kwa nguvu, mkanda ukachomoka kila mara.

"Karani, jaribu wewe," msimamizi akasema.

Kwa woga, nikausukuma polepole. Mkanda ukashika kidogo kidogo, kigari kikaenda.

"Dada, unabembeleza mtoto?" wakanicheka.

"Mwacheni abembeleze," msimamizi akajibu. "Gogo linapasuka!"

Lori liliwahi. Basi nenda kazini hivyo hivyo na woga wako, mume wangu. Wangu ulikuwa na mkono mwepesi.

Hadi leo nikiingia kanisa lile, natazama paa kwanza, ndipo napiga ishara ya msalaba.

Bibi yako