Wameniuliza Ulizikwa Wapi

Mama Atieno,

Tulishinda. Nilitaka kuanza na hilo, na sasa nimeliandika sijui kama ni kweli.

Miezi minne tangu presha ikuchukue, serikali iliyotuita wachochezi tulipokaa barabarani hapa Mogogosiek kupinga mashine za kuchuna chai imekubali. Mashine zitapunguzwa, wachunaji wa mikono warudi. Yule afisa aliyetuletea vitoa machozi alisimama mkutanoni akasema maneno yetu kana kwamba aliyaota yeye. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kisha nikajikasirikia.

Tukaambiwa tuunde kamati, tuandike majina ya watakaopewa kazi. Nimo kwenye kamati. Lakini hiyo sera imetoka ofisini na jambo ambalo hatukuliomba: wenyeji kwanza. Nilipotaja Atieno wako, mwenyekiti akaniuliza, "Mama yake si alizikwa kwao, upande wa ziwa? Basi kwao ni kule."

Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba na mchango ili upelekwe ukalale karibu na baba yako. Niliimba nyimbo zenu vibaya njia nzima, dada zako wakanicheka. Nilidhani nakuheshimu. Kumbe nilikuwa namtafutia mtoto wako ushahidi wa kumfukuza, mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba za kampuni ya chai hapa hapa, anayeongea Kipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko wangu! Ningekuzika kwangu, kando ya mahindi? Watu wenu wangekubali? Sijui.

Siku ile polisi walipokuja uliniambia, "Mama Chebet, usikimbilie kwa majani, utateleza." Nikakimbilia huko huko, nikateleza. Ukarudi kuniinua, ndipo wakakushika.

Chebet wangu yuko kwenye orodha. Hilo ndilo linanitesa. Jumatatu wanataka sahihi yangu. Nisipoweka, orodha haiendi kaunti, naye hapati kazi. Tangu ajue nasitasita, hanisalimii. Labda serikali ilijua kwamba watu waliopiga kelele pamoja ukiwapa kalamu, watabaguana wenyewe. Ama ubaya ulikuwa ndani yetu siku zote? Sielewi. Atieno akija kuomba chumvi, naangalia chini.

Nakuahidi: sitaweka sahihi mpaka jina lake liingie. Wakinitoa kwa kamati, nitarudi barabarani, hata tukiwa wawili tu, mimi na yeye.

Lala salama, rafiki yangu. Nilitaka kuongeza "huko kwenu", lakini neno hilo sasa naliogopa.

Mama Chebet