Vidonge vya Sukari na Moyo wa Baba Mkwe

Mbozi, 3 Agosti 2014

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku hatujambo. Kahawa tunaianika, na shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kama vidonge vya ugonjwa wa sukari anavyomeza mama yako vinamlinda na ugonjwa wa moyo. Nitakueleza yote bila kuficha.

Nilipokuwa mkamwana, baba mkwe alimeza vidonge vya sukari. Siku moja alirudi kutoka hospitali akicheka: "Sukari imeshuka! Leteni supu, na mafuta yake yote!"

Mimi ndiye niliyejua kusoma pale nyumbani. Cheti chake kilisema sukari imeshuka, lakini mafuta kwenye damu bado ni mengi, na moyo uko hatarini. Kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe, hata usoni hamtazami. Nikamnong'oneza mama mkwe.

"Ee, mkamwana! Umeshakuwa daktari?" akanitania.

Nikaona haya, nikanyamaza. Hata mume wangu sikumwambia. Kabla ya mavuno, baba mkwe alikufa kwa moyo.

Daktari wangu anasema vipo vidonge vya sukari vinavyosaidia moyo, na vipo visivyopunguza mafuta. Wewe ni mtoto wa mama yako, si mkamwana; hakuna mwiko unaokuziba mdomo.

Nijibu upesi: mama yako amepimwa mafuta ya damu pia, au sukari peke yake?

Bibi yako